Kurasa Mbili za Mwisho

Ukipita soko la kambi ya Dzaleka ukasikia vijana wa kabaza, wale wa baiskeli za abiria, wanamwita mtu "Mwalimu wa Swali la Tano," na yule mtu anainamisha kichwa na kuongeza mwendo, usiulize sana, mtu huyo ni mimi. Jina hilo silipendi, lakini nililitafuta mwenyewe, kwa mikono yangu na kwa kichwa changu hiki kilichosoma Bukavu miaka yote ile kisijifunze adabu. Leo naeleza lilikotoka, maana nimechoka kusikia likielezwa na watu ambao siku ile hawakuwepo (waliokuwepo hawaelezi kitu, wananiangalia tu).

Mimi nafundisha Kiingereza. Ndiyo, mimi, mtu niliyesomeshwa kwa Kifaransa toka shule ya msingi mpaka pedagoji, nilifika Malawi najua salamu tu, nikajifunza kwa hasira, na sasa asubuhi nafundisha batoto wa sekondari, alasiri nafundisha wazazi wao. Shida yetu ni vitabu. Vile tulivyo navyo vilikuja kwa katoni kutoka mbali huko, vina hadithi za theluji, na treni inayopita chini ya ardhi, na msichana analia kwa sababu farasi wake anaumwa, na ukimwuliza mwanafunzi wangu kwa nini msichana analia anakuangalia anaona bora huyo farasi angeliwa tu. Basi nikasema, nitatengeneza kitabu chetu. Chenye kabaza, chenye nsima (ugali wa huku), chenye foleni ya maji, na chini ya kila hadithi maswali matano, kama inavyotakiwa.

Direkta wa shule alifurahi kuliko mimi, maana kulikuwa na mgeni anakuja, mama mmoja kutoka Lilongwe, wa chama kinachogawa vitabu mashuleni, na direkta alitaka aone kwamba sisi hatukai tu na mikono wazi. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa na yangu moyoni. Nilisikia wanatafuta mwalimu mmoja wa kuzunguka akionyesha walimu wengine namna ya kujitengenezea vifaa vya darasa, nikajiona tayari nimevaa shati jeupe, nimesimama mbele ya watu, nakohoa kidogo kabla ya kuanza.

Sasa kuna Mama Aline. Huyu ni mwanafunzi wangu wa alasiri, mtu wa Fizi kule kwetu Kongo, fundi wa kushona, mashini yake iko barazani nyuma ya kanisa. Kwetu mwanamke akipata mtoto anaitwa kwa jina la mtoto, kwa hiyo jina lake la kuzaliwa silijui mpaka leo, ni Mama Aline tu. Aline mwenyewe alikuwa na miaka kumi na minne, yuko darasa langu la asubuhi, na kwa kusoma kwa sauti hakuna aliyemfikia.

Siku moja niliwapa watu wa alasiri insha, waandike siku ambayo hawataisahau. Mmoja aliandika harusi yake, mwingine aliandika siku alipoibiwa kuku watatu. Mama Aline aliandika namna alivyotoka Fizi kwa miguu na dada yake, dada akafa njiani, akamwachia mtoto wa miaka miwili. Mtoto akakanyaga jivu la moto pale walipolala, akabaki na alama mguu wa kushoto, na kwenye maumivu yale akaanza kumwita yeye mama, na yeye akaitika. Mwisho aliandika kwamba atamwambia siku atakayomaliza shule, maana hataki asome huku analia.

Makosa ya sarufi yalijaa, lakini mi nililia juu ya ile kaye yake, daftari lake la darasa, nikashindwa hata kushika biki nyekundu. Na aliponikabidhi alisema wazi, tena aliniita pembeni kusema: "Mwalimu, unisahihishie tu, kisha unirudishie kaye yangu. Hii maneno haiko ya bantu bengine."

Nikamjibu, "Usijali, mama, kesho unaipata."

Hiyo kesho haikufika. Nilitaka kuisoma tena, halafu nikataka kuisoma tena, na kaye ikabaki kwenye mfuko wangu pamoja na karatasi za kitabu. Na mfuko ule ndio niliobeba kwenda Lilongwe.

Nilikuwa na kibali cha siku moja cha kutoka kambini. Nikaingia duka moja la fotokopi kule Old Town, mzee wa miwani akanichapia hadithi zangu zote vizuri, halafu akageuka akaniambia, "Ticha, huku nyuma kuna kurasa mbili tupu. Niziache hivyo?" Akanieleza, karatasi moja ukiikunja inatoa kurasa nne, na hadithi zangu zilikuwa zimekatikia ukurasa wa kumi na nne.

Ningesema ziache, mkasa huu usingekuwepo. Neno moja tu. Lakini mi nikafikiria yule mgeni anafika mwisho wa kitabu anakuta weupe, anasema hawa wakimbizi wameishiwa, na kiburi changu kikaniuma, na mkono ukaingia kwenye mfuko ukatoka na kaye ya Mama Aline. Nikabadilisha jina, nikamwita Mary. Fizi nikaiandika kijiji kando ya ziwa. Alama ya mguuni niliiacha (Mungu anisamehe), kwa sababu mimi njo yule mwalimu anayewaambia batoto kila wiki kwamba mwandishi mzuri haachi kitu kidogo kama hicho. Halafu nikatunga maswali matano pale pale, nimesimama kwenye kaunta, na la tano lilikuwa hili: unafikiri Mary alifanya vizuri kumficha mtoto? Toa sababu. Nikaacha mistari minne ya kujibia.

Usifikiri imeishia hapo. Stapla ya yule mzee ilikuwa fupi, haikufika katikati ya karatasi, na gari la kunirudisha lilikuwa linaondoka, kwa hiyo nilirudi Dzaleka na vitabu arobaini havijafungwa. Na nani ana sindano inayoweza kupita kwenye karatasi? Nikampelekea Mama Aline.

Alivishona vyote alasiri moja, kwa uzi wa bluu. Anafungua katikati, pale penye hadithi ya kabaza, anapitisha mashini kwenye mkunjo, anakata uzi kwa meno, anaweka pembeni, anachukua kingine. Kurasa za mwisho zilikuwa chini, zimetazama meza. Akacheka akasema, "Mwalimu, leo nashona Kiingereza." Nami nikacheka. Halafu akauliza, "Na kaye yangu?"

"Iko nyumbani, mama," nikasema. Ilikuwa begani kwangu, ndani ya mfuko. Nilijiambia itakuwa sirprizi, ataona maneno yake yamechapwa kama ya watu wakubwa, atalia kwa furaha, atanishukuru. Mtu anaweza kujidanganya namna hii mchana kweupe, amesimama kando ya mtu mwenyewe.

Siku ya mgeni wazazi walijaa kwenye mabenchi, direkta alisoma hotuba, vitabu vikagawiwa kwa mara ya kwanza, bado vinanuka wino. Mpango ulikuwa Aline asome ile hadithi ya kabaza. Akasimama, amevaa kandambili na sketi aliyoshonewa na mama yake, akafungua ukurasa. Lakini mgeni alikuwa ameanza kupekua kwa nyuma (watu wengine husoma kitabu kama wanakagua kuku sokoni), akafika kwenye hadithi ya mwisho, akashika kifua, akasema, "Ningeomba huyu binti atusomee hii."

Ningeweza kusema hiyo bado haijasahihishwa. Ningeweza kuanguka chini, watu wakakimbilia maji. Direkta akawahi: "Hakuna shida, huyu anasoma chochote." Na mimi nikatikisa kichwa kukubali, nikijipa moyo kwamba jina nimebadilisha.

Aline akasoma. Akapumzika kwenye mkato, akashusha sauti kwenye nukta, vile nilivyomfundisha. Alipofika kwenye jivu la moto na mguu wa kushoto akaacha kusoma. Hakuniangalia mimi, aliangalia mguu wake. Na benchi la mbele likaangalia mguu, halafu la pili, na wale waliojua Kiingereza wakaanza kuwanong'oneza wasiojua, na kwetu tafsiri inafika haraka kuliko maji ya bomba. Kisha akaendelea mpaka mwisho. Nilikuwa nimewafundisha kwamba ukianza kusoma mbele ya watu usikatishe.

Mgeni alikuwa na machozi. Akasema, "Vizuri sana. Sasa nijibu swali la tano."

Batoto wangu wanajua kwamba swali linajibiwa kwa sentensi kamili, kwa Kiingereza. Aline alinigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, polepole: "Mwalimu, huyu mutoto ni mi?"

Mgeni akanitazama. "Amesema nini?"

Na mimi nikamtafsiria. Nikasema, "Anasema hadithi imemfurahisha sana."

Mgeni akapiga makofi. Direkta naye, na wale wasiosikia Kiingereza wakafuata. Lakini wanafunzi wangu wa alasiri, wale mama na baba niliowafundisha mimi mwenyewe neno kwa neno, hawakupiga. Walielewa swali la mtoto na walielewa jibu langu, na kama kuna siku nimejua kwamba somo langu limeingia, ni siku ile.

Mama Aline alisimama nyuma kule. Hakukimbia. Alikaza kikwembe chake kiunoni, akapita katikati ya mabenchi, akamshika Aline mkono. Aline akautoa mkono. Wakatoka hivyo, mmoja mbele, mwingine nyuma, na mgeni akauliza kama binti anaumwa tumbo.

Baada ya siku mbili yule mgeni, aliyeacha nakala yake mezani, akapiga simu, anataka nimpe hadithi ile ya mwisho aichapishe, apeleke shule za Nathenje. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini, nikashindwa kueleza, nikarudia hapana, akaniona mtu wa ajabu. Katoni za vitabu hazikuja, kazi ya kufundisha walimu alipewa mwingine, na direkta mpaka leo ananisalimia kwa nyusi. Sawa. Hiyo ilikuwa hapana yangu ya kwanza, na ilichelewa.

Kwetu mtu haendi kuomba msamaha peke yake, kwa hiyo nilimchukua mchungaji, na kaye mkononi, tukaenda barazani kwa Mama Aline. Tulimkuta na rundo la vitabu vyangu. Alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba kuviomba, na watu walimpa bila kuuliza. Alikuwa anafumua uzi wake mwenyewe, kwa wembe, anatoa karatasi ya juu, kisha anashona upya. Na karatasi ya juu, kwa sababu kitabu kimekunjwa, ndiyo yenye kurasa mbili za mwisho upande mmoja, na upande mwingine jalada lenye jina langu.

Mchungaji akaanza maneno yake. Mama Aline akamwacha amalize, akapokea kaye, akaiweka chini ya kitambaa bila kuifungua.

"Mama, nilikosa," nikasema. "Nilikudharau."

Akaendelea kufumua. "Miaka kumi na mbili mi naitwa Mama Aline," akasema. "Sasa mutoto ananiita mama mudogo. Haiko matusi, mwalimu, njo kweli yake. Mi ni mama yake mudogo. Lakini uniambie, kule soko baniite nani?"

Mama Aline akanikabidhi zile karatasi alizotoa, thelathini na tisa, zimepangwa vizuri, akasema, "Hizi ni zako." Ninazo mpaka leo chini ya godoro. Kuzichoma nashindwa, kuzisoma nashindwa.

Vitabu vinatumika bado. Vinaanzia ukurasa wa tatu, havina jalada, havina jina la mtu, na batoto wanapenda ile ya kabaza.

Sasa mtu akinipa kaye nasahihisha amekaa pale pale, anaondoka nayo, na ukurasa ukibaki tupu unabaki tupu. Wengine wanasema nimekuwa mvivu. Waseme.

Aline alikosa shule wiki tatu. Aliporudi alikaa nyuma kabisa, hakuinua mkono, na siku ya kwanza, kengele ilipolia, akaja akaniwekea kitabu mezani. Kilikuwa cha arobaini, kile alichokuwa amekishika siku ile, kimeshonwa uzi wa bluu, hakijafumuliwa. Alikuwa amejibu maswali ya hadithi ya mwisho. Mary alitoka wapi, amejibu. Mtoto alikuwa wa nani, amejibu. Alama iko wapi, amejibu. Kwa nini Mary hakumwambia, amejibu, kwa sentensi kamili, bila kosa hata moja. La tano, ile mistari minne, aliiacha wazi.

Alisimama pale anasubiri, kama wanafunzi wote wanavyosubiri. Nikachukua biki nyekundu nikaweka vema nne. Kwenye la tano sikuandika kitu. Nikafunga kitabu, nikamrudishia.