Bunduki Iliyopigwa Msasa

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa bunduki Thika, na kazi iliyonichosha zaidi ni kukadiria umri na bei ya bunduki kuukuu. Kila mteja nilimwambia: usiisafishe, ilete na kutu yake, maana umri nausoma kwenye mihuri midogo iliyogongwa chini ya mtutu. Nani alisikia? Mjane mmoja akatoka Murera na bunduki ya marehemu mumewe, leseni mkononi. Alikuwa ameipiga msasa siku tatu, ikawa kama sufuria ya harusi. Hakuna muhuri uliobaki.

“Fundi, si inang’aa?”

“Inang’aa, mama.”

Sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba jibu alilolifuata Thika alikuwa amelifuta mwenyewe nyumbani.