Taa za Mchana kwenye Barabara ya Kakuma

Wenzangu mliokulia Lodwar kabla ya lami, bila shaka mnakumbuka kwamba enzi zetu vumbi ndilo lililotangulia kubisha hodi. Mbuzi waliporudi kutoka malishoni, vumbi lao lilitambaa chini na kutanda. Lori la posho lililoelekea Lokichoggio liliinua vumbi refu, jekundu, ambalo lilibaki hewani hata baada ya lori lenyewe kutokomea. Sisi watoto wa Nawoitorong tulikaa ukingoni mwa mto Turkwel tukifinyanga ng'ombe wa udongo na kuguguna makoma, yale matunda magumu ya mikoma, mpaka fizi zikauma, na kwa kutazama vumbi peke yake tuliweza kusema nani anakuja. Aliyekisia akakosea aliitwa mwongo mpaka kesho yake.

Pikipiki ya baba yangu ndiyo iliyotushinda. Baba alikuwa mchanjaji wa mifugo, na kazi yake ilimpeleka Kakuma na kumrudisha juu ya mashine kuukuu aliyoachiwa na ofisa mmoja aliyehamishwa. Vumbi lake lilikuwa dogo, lenye kuzunguka, na kwa mbali lilifanana kabisa na kile kimbunga cha mchana kinachocheza jangwani bila kazi. Tulilidharau. Madereva wa malori nao walilidharau. Siku moja lori lilimsukuma hadi kwenye miiba, na dereva akaendelea na safari bila kujua kwamba amempita mtu. Mama alipokuwa akimchomoa miiba mgongoni alisema kwa sauti ya chini, "Tafuta njia ya kuonekana, au uache hiyo kazi. Sitaki kuwa mjane wa vumbi."

Baba hakuwa mtu wa kujibizana. Alitafuta taa mbili ndogo kutoka kwenye lori bovu, akazifunga kwenye chuma cha mbele, moja kila upande wa taa kubwa. Mashine ile ilizalisha umeme kidogo mno: ukiongeza moto taa zinang'aa, ukipunguza zinafifia kama macho ya mtu mwenye usingizi. Pale ambapo waya uligusana na chuma alizungushia vipande vya ngozi kavu ya mbuzi, kwa kuwa utepe wa umeme haukupatikana mjini. Kisha akanisimamisha mbali, katika jua la saa sita lililofanya mchanga uonekane kama maji, akaniagiza niinue mkono nikiona mwanga. "Usiinue kwa kukisia," alinionya. "Dereva wa lori hatakisia." Alizisogeza na kuzielekeza upya mara nyingi kabla mkono wangu haujainuka kwa haki.

Jambo ambalo hakulifikiria ni desturi. Wakati ule, chombo kilichowasha taa juani kilikuwa kimebeba marehemu, na kila mtu alilijua hilo. Baba akaanza kupita barabarani, taa zikiwaka mchana kweupe, huku wachungaji wakisimama na kuinamisha vichwa, na wanawake wakifunika midomo. Yeye akiwasalimia "Ejok!" kwa furaha, wao walimtazama tu. Nyumbani alilalamika kwamba watu wa njia ile wamepoteza adabu.

Kisha ikaja siku ya mkeka. Mama alikuwa amemwagiza mkeka wa majani ya mikoma kutoka Kakuma, mrefu, wa kutosha familia nzima. Baba aliukunja, akauviringisha shuka usiingie vumbi, akaufunga nyuma ya kiti. Mchungaji mmoja aliona taa, akaona kitu kirefu kimeviringishwa shuka, akahitimisha. Akamwambia mtu wa lori. Lori liliwahi kufika Lodwar, na habari ilipotoka sokoni ilikuwa imeshabadilika sura.

Jirani yetu Nakiru aliingia uani akilia, na nyuma yake wanawake wa mtaa mzima.

"Mama Ekal, keti kwanza," alimwambia mama, kwa jina langu mimi.

"Nimeketi. Sema."

"Baba Ekal ametuacha. Pikipiki yake inamleta, taa zinawaka."

Mama aliuliza, "Inamleta? Na nani anaiendesha?"

Nakiru alijifuta machozi kwa kiganja. "Hilo nalo sikuuliza."

"Wewe umemwona?"

"Nimeambiwa sokoni. Aliyeniambia ameambiwa na mtu wa lori."

"Na mtu wa lori?"

"Ameambiwa na mtu wa mbuzi."

"Basi mbuzi ndio walioona," mama alisema. "Keti, Nakiru. Ketini nyote. Sitalia mpaka aje mwenye macho."

Maneno hayo yalinilea kuliko darasa lolote nililokalia. Lakini niseme pia nilichokihisi mimi mwenyewe: wakati akiyatamka, mkono wake ulikuwa umenishika kifundo cha mkono kwa nguvu, na haukuniachia. Wanawake waliketi. Mmoja aliwasha moto, mwingine akawachukua wadogo zangu kuwaogesha, mwingine akatia uji wa mahindi ya njano ambao hakuna aliyeunywa. Hakuna aliyeondoka. Hata aliyekuwa amegombana na mama kisimani alikuja akakaa karibu na mlango, uso umegeukia pembeni.

Taa zilipojitokeza kwenye mwinuko, mama alisimama. Baba aliingia uani, akazima mashine, akashangaa. "Mbona mmejaa hivi? Nani amekufa?" Nakiru alivua kiatu chake cha tairi akamfukuza nacho kuzunguka pikipiki, akilia na kucheka. Mkeka ulitandikwa siku hiyo hiyo, na wote walioketi kumlilia baba wakaulalia wakisimuliana mpaka jua likapungua.

Wote hao hawapo tena. Mke wangu naye ametangulia, na watoto wangu wako Nairobi, ambako hunipigia simu kuniuliza lini nitauza pikipiki. Sitaiuza. Ni ya zamani, lakini inanitii. Vumbi limekwisha, lami imekuja, na pamoja na lami mwendo wa kasi na yale mazigazi yanayommeza mwendeshaji mzima mzima. Kwa hiyo mwaka huu nilifunga taa zangu mbili, za kisasa, zisizokula umeme mwingi, kwa sababu chaji ya mashine hii ni hafifu. Nikaweka fyuzi karibu na betri, nikaunganisha kupitia swichi ya ufunguo ili zizimike pamoja na injini. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akinitazama aliuliza, "Mzee, na hii jua yote, taa ni ya nini?"

"Ni ya kuonekana."

"Si upige tu honi?" akasema, akarudi kwenye simu yake. Kizazi hiki kinaamini kwamba kilichosikika kimeonekana.

Mimi huenda Kakuma kila ninapopata sababu, na sababu zimepungua. Majuzi nilimpelekea fundi cherehani, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, suruali zangu azipunguze, kwa kuwa nimekonda. Lodwar ina mafundi wa kutosha, nakiri. Wakati wa kurudi mvua ilinyesha, laga, ule mto mkavu unaokata barabara, ikajaa, nikalala upande wa pili mahali pasipo na mtandao. Nilifika nyumbani kesho yake mchana, nikaiweka simu kwenye chaji, na humo nikakuta msiba wangu.

Mtu fulani alikuwa ametuma picha katika kundi la wanafunzi wangu wa zamani: pikipiki imelala kwenye tope la laga, ina taa mbili za ziada. Taa zenyewe ni za duara. Zangu ni ndefu. Hakuna aliyelinganisha. "Pumzika kwa amani, Mwalimu." Mishumaa ya picha ilipangwa safu kwa safu. Mmoja alikumbuka kwa upendo fimbo niliyomchapa kwa kukisia jibu. Kamati ya mazishi ilikuwa imepata mwenyekiti na tayari ilikuwa ikizozania katibu. Baadaye niliuliza ile pikipiki ni ya nani hasa, maana ni ya mtu. Sijajibiwa mpaka leo.

Nilitoka nje nikatazame kama kuna aliyefika langoni. Mvua ilikuwa imelainisha mchanga, na juu yake palikuwa na kwato za mbuzi na alama ya tairi langu mwenyewe. Nilizunguka ua wote nikiangalia kwa makini, kama nilivyofundishwa. Unyayo wa mtu mwingine haukuwapo. Na wengi wa wale wenye mishumaa wanaishi hapa hapa Nawoitorong.

Enzi zetu uvumi ulikuwa wa kipumbavu vilevile. Ila ulikuja kwa miguu, ukaketi, ukawasha moto.

Niliandika, "Niko hai, niko nyumbani. Karibuni." Zikamiminika nyuso za kucheka na vidole gumba. Mmoja akaandika, "Mungu mkubwa, Mwalimu! Tutakutafuta." Nikafungua lango, nikatoa viti vyote uani, nikabandika sufuria kubwa ya chai, kwa kuwa baadhi yao wako karibu sana. Ilipopoa niliipasha tena.