Mshirika Aliyekataliwa

Mama mdogo ni mshonaji. Hata akikaa mbele ya kompyuta huning'iniza tepu ya kupimia shingoni, utadhani mashine nayo itaomba kupimwa suruali. Kompyuta ni ya marehemu mumewe, fundi redio, ambaye kabla ya kufariki alimwachia kazi moja tu: tovuti yake isife. Humo aliandika kila alichojua kuhusu redio za zamani, pamoja na michoro aliyorithi kwa baba yake.

Tovuti isiyotajwa na wenzake ni duka la uchochoroni lisilo na kibao. Ndiyo maana fundi alikuwa na programu ya kutafuta washirika. Inapekua mtandao, inaleta tovuti zinazofanana na yako, na kila moja inaipa alama. Ukiridhika unamwandikia mwenye tovuti: weka kwako kiungo cha kuwaleta wasomaji kwangu, nami niweke chako kwangu. Wajanja hutuma barua moja kwa watu mia. Mama mdogo husoma tovuti nzima kwanza, kisha huweka kiungo cha mwenzake kabla hata ya kuomba. Nikimwambia anapoteza muda, ananikata jicho.

"Mkono mtupu haulambwi, mwanangu."

Tovuti iliyopata alama za juu kuliko zote ilikuwa na doa jekundu: imekataliwa, haijafunguliwa. Aliyeikataa ni fundi mwenyewe. Ilikuwa ya kaka yake, fundi redio vilevile. Walijifunza kazi kwenye meza moja, baba yao alipofariki wakagombea karakana, na wakanuniana mpaka mmoja akaingia kaburini. Mama mdogo hakuigusa. Neno la marehemu ni neno, alisema. Mimi niliudhika kimoyomoyo, maana hata wafu walikosea walipokuwa hai.

Mwaka huu washirika wakaanza kufunga tovuti zao, mmoja baada ya mwingine. Wageni wakapungua, hata ikapita wiki nzima bila mtu kuingia. Mama mdogo aliogopa kwelikweli. Aliona anamzika mumewe mara ya pili. Asubuhi moja akaniita.

"Nionyeshe pa kuondoa hilo doa."

Akaliondoa. Kisha, kama kawaida yake, akatangulia kuweka kiungo cha shemeji yake kwenye ukurasa wa mumewe. Programu haikagui viungo vya tovuti zilizokataliwa, lakini sasa iliikagua hii, ikaleta jibu kabla mama mdogo hajaandika hata salamu: kiungo chako tayari kipo kwake.

Tukafungua tovuti ya shemeji. Kilikuwa pale pale ukurasa wa mbele, na tarehe yake ilikuwa ya zamani, fundi akiwa bado mzima. Chini yake palikuwa na maneno machache: "Kwa redio za betri, muulizeni mdogo wangu. Ananishinda."

Mama mdogo alivua tepu shingoni, akaiweka mezani, akapiga namba iliyokuwa kwenye ukurasa huo, simu ikiwa kwenye spika.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ya mtu aliyeshtuka.

"Kiungo chako nimekiweka. Na cha mdogo wako nimekiona."

Mzee akauliza. "Na yeye? Alikiona?"

Nilimkazia macho mama mdogo. Uongo mdogo tu ungetosha, na mimi ningeusema bila haya.

"Hakukiona, shemeji. Alikukataa kabla hajafungua tovuti yako."

Tulimsikia mzee akilia. Mama mdogo hakumwambia anyamaze, wala hakukata simu.