Siku Mama Alipoonja Kitakasa Mikono

Nilifundisha kemia sekondari kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuogopa karatasi. Nilizisahihisha, nilizipiga mistari myekundu, na nyingine nilizirudisha kwa wenyewe bila hata salamu. Nilipoacha ualimu na kuamua kutengeneza vitakasa mikono hapahapa Songea, ndipo nilipojua kwamba karatasi nazo zinaweza kumsahihisha mtu.

Kazi yenyewe si ngumu. Unanunua spiriti ya kiwandani, unaichanganya na maji safi kwa kipimo, unatia kilainishi kidogo ngozi isikauke, unajaza kwenye chupa. Wakati wa ule ugonjwa kila mtu alichanganya jikoni kwake na hakuna aliyeuliza. Ugonjwa ulipopoa, maswali yakarudi, na mimi nilikuwa nimepata hospitali moja ya misheni iliyotaka kununua kwangu kila mwezi kwa sharti moja tu: chupa iwe na alama ya ubora. Nikasema hilo ni dogo.

Alama ya ubora haiji peke yake, inakuja na ukoo wake mzima. Jina la biashara, namba ya mlipa kodi, leseni ya manispaa, cheti cha zimamoto, kibali cha kutunza kemikali, sampuli za maabara. Ofisi ya kwanza ilitaka karatasi ya ofisi ya tatu, na ofisi ya tatu ikaniambia kwa upole kwamba haiwezi hata kunifungulia faili bila karatasi ya ofisi ya kwanza. Nilipigwa danadana hivyo mwezi mzima, mimi niliyekuwa nikiwafukuza wanafunzi darasani kwa kuchelewa dakika mbili.

Bwana wa zimamoto alikuja kwenye chumba changu cha uani, mtaa wa Bombambili, akausukuma mlango, akatikisa kichwa. Moto ukiwaka watu hukimbilia nje, akasema, kwa hiyo mlango nao ufungukie nje. Nikamwita fundi akaugeuza. Wiki iliyofuata akaja bwana wa manispaa, akasema mlango unaofungukia nje unaziba kinjia cha majirani. Nikamwomba akaongee na mwenzake wa zimamoto, kisha wanipe jibu moja. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mkewe. Mwishowe fundi aliuziba mlango huo kwa tofali, akatoboa mwingine upande wa banda la kuku, na kuku hawakulalamika popote.

Sasa niseme habari za mama yangu, maana yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa kazi hii. Mama alikuwa mpika gongo, ile pombe kali isiyoruhusiwa. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe halifichi, isipokuwa kwa serikali. Baba alifariki tukiwa wadogo, huko kijijini kwetu upande wa Namtumbo, na mama hakuwa na shamba la tumbaku wala kaka wa kumsaidia. Alikuwa na mapipa mawili na mto uliojificha vizuri. Sare zangu za shule, madaftari yangu, nauli ya kwenda chuoni kusomea kemia, vyote vilitoka kwenye mapipa yale. Alikamatwa mara mbili. Mara ya pili nilimwona mwenyewe akitangulizwa na mgambo, amejitwika debe la kidhibiti kichwani, ananyooka kama anayekwenda mnadani.

Hadi leo, na amepita sabini, gari lenye namba za serikali likipunguza mwendo mtaani kwetu, mama huinuka na kutokea mlango wa nyuma. Ukimuuliza, anasema alikwenda kuanua nguo. Hata kama hakuna nguo kambani.

Alipohamia kwangu, kwa binti yake, na kukuta mitungi ya spiriti iliyonunuliwa kwa risiti, alikaa kwenye kigoda akaitazama muda mrefu. Kisha akaanza kufanya kazi bila kuombwa. Mimi nilikuwa na kipima kileo cha kioo, nilichokishika kwa vidole viwili kama yai. Mama alikuwa na mgongo wa mkono wake. Alipaka tone, akahesabu pumzi hadi likauke, akasema maji yamezidi au yamepungua. Nilibishana naye kwa wiki mbili, kila mara kioo kikaona kama mkono ulivyoona, na nilipokivunja nilifanya kazi siku tatu kwa mkono wa mama huku nikijiambia kwamba ni dharura.

Jambo moja tu tuligombana kweli. Sheria inataka spiriti ya kitakasa mikono itiwe kitu kichungu sana, ili mtu asije akainywa. Nilipomweleza mama, aliweka chini chupa aliyokuwa akiiosha.

"Yaani nimekusomesha miaka yote hiyo," akasema, "ili uje kuharibu kitu kizuri kwa makusudi?"

Mtaa ulikuwa upande wake. Tangu mitungi ifike, wazee watatu wa jirani walikuwa wameanza kuniamkia mimi kwanza, na mmoja alikuja kuniuliza habari za biashara akiwa na kikombe mfukoni. Nilipotia ule uchungu, mama alikwenda kuwaarifu mwenyewe, kwa sauti ya kutoa taarifa ya msiba.

Lakini hakuacha kazi. Jioni moja tukibandika lebo, aliniambia kwa nini. Alisema amefanya kazi ya spiriti tangu ana nywele nyeusi, na hajawahi kuifanya siku nzima bila kusikiliza kama kuna mtu anakuja. Alitaka aifanye mara moja hivyo kabla hajafa, amekaa, mlango wazi. Nilimjibu kwamba kibali kikija atakaa mpaka achoke. Nilisema haraka haraka, nikachukua lebo nyingine.

Na baada ya kusema hivyo, nilifanya nilichofanya. Fomu ya maombi ya kibali cha alama ya ubora ilikuwa na sehemu ya majina ya wazalishaji na mahali kila mmoja alipojifunzia kazi. Nikaandika jina langu na chuo changu. Kalamu ikasimama kwenye mstari wa pili. Ningeandika nini? Nikapiga mstari, maana yake hakuna mwingine. Nilijiambia namlinda mama. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakilinda kibali, na niliona haya, haya ya kijinga ya mtu aliyesomeshwa kwa gongo kisha hataki itajwe mbele ya wageni. Asubuhi ya ukaguzi nikamwomba mama akashinde kwa jirani. Akajitanda kitenge chake, akaenda.

Mkaguzi wa ubora alitoka ofisi ya kanda, binti wa pwani, hijabu yake imenyooka, daftari kubwa kifuani. Alikuwa mpole na hakuacha kitu. Alipima chumba, akafungua na kufunga mlango mara nne, akasoma lebo kwa kidole, akaniambia maandishi ya "kwa matumizi ya nje tu" ni madogo mno, mzee hawezi kuyasoma. Kisha akaomba sampuli.

Nilikuwa namimina kwenye kichupa chake wakati mama alipoingia. Jirani alikuwa amemwambia kwamba mgeni ni mtoto wa kike, tena peke yake, na mama hakuona sababu ya mgeni wa namna hiyo kukaa nyumbani kwake bila kukaribishwa. Binti akamwamkia, "Shikamoo, bibi," mama akaitikia marahaba, akatazama kichupa nilichokuwa nikimnyooshea mgeni, na uso ukambadilika.

Kwetu, mwenye kinywaji hampi mgeni kabla hajakionja mwenyewe. Tunaita kutoa sumu. Ukimpa mtu kikombe ambacho hujakigusa kwa mdomo, umemtangazia kwamba kina kitu. Mama ameuza kwa miaka mingi na hajawahi kutoa kikombe bila kukionja, hata kwa mgambo aliyekuja kumkamata. Alijua fika mna nini ndani, lakini desturi ni desturi, na sasa aliniona mimi, mwanawe niliyesoma, namkabidhi mgeni spiriti hivihivi bila kuionja. Alikichukua kichupa mkononi mwangu kwa adabu zote, akapiga goti kidogo, akanywa.

Nilipiga kelele, lakini nilichelewa. Alikuwa amechukua kiasi cha kifuniko kimoja. Uso wake ulijikunja, ukafunguka, ukajikunja tena upande mwingine, macho yakajaa maji. Mtu mwingine angetema, ila mama hawezi kutema mbele ya mgeni. Alimeza. Kisha akamnyooshea binti kile kichupa kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu," akasema, sauti imekwaruza. "Haina sumu. Ila haifai kabisa."

"Subhanallah," mkaguzi akasema taratibu, akakaa.

Nilimletea mama maji, nikamletea mengine, huku mdomo wangu ukieleza mambo ambayo hakuna aliyeyauliza. Nilisema huyu ni mgeni tu, amepita, hahusiki na uzalishaji. Mkaguzi alisubiri nimalize. Akasema kuhusu kipengele cha uchungu maabara italazimika kuthibitisha, lakini yeye binafsi ameridhika. Halafu akamgeukia mama, ambaye alikuwa ameshapaka tone mgongoni mwa mkono wake na kuhesabu pumzi, kwa mazoea tu.

"Bibi, kazi hii umejifunzia wapi?"

Nilitaka kujibu. Mama akaninyamazisha kwa kiganja, kama nilivyokuwa nikinyamazishwa nikiwa na miaka sita. Naamini alikuwa amekwisha kuelewa kwa nini alipelekwa kwa jirani, kwa sababu hakunitazama.

"Porini," akasema. Akaeleza yote: mapipa, mto, baba, ada yangu, mara mbili alizokamatwa. Hakujitetea na hakulia. Alisema chupa zote zile pale mezani amezipima yeye, na kama kuna kosa katika kipimo lisiwe la binti yake. Mkaguzi akatoa kipima chake, akakitumbukiza, akakisoma, akakiinua karibu na dirisha akakisoma tena. Kipimo kilikuwa sawasawa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mtungi, nasubiri kuambiwa nifunge chumba.

Mkaguzi akaniomba nakala yangu ya fomu. Akaweka kidole kwenye ule mstari niliopiga na kuniuliza kama mstari huo ni sahihi. Nikasema hapana, si sahihi. Akanipa kalamu. Niliandika jina la mama mbele yake, na mahali pa kujifunzia nikaandika "kwa vitendo". Yeye akaongeza masharti mawili kwenye taarifa yake: maandishi ya lebo yakuzwe, na wazalishaji wasionje bidhaa kwa sababu yoyote ile, ikiwemo ya kumkaribisha mgeni. Chini yake akaandika kwamba anapendekeza kibali kitolewe.

Kisha akamsogezea mama karatasi, akamwonyesha mahali pa kusaini. Mama aliishika kalamu lakini hakuishusha. Karatasi za serikali alizowahi kutia dole gumba zilikuwa mbili tu, na mara zote mbili hakulala nyumbani.

"Nikisaini," akauliza, "mnanichukua?"

"Hapana, bibi," binti akasema. "Ukisaini, ninayeondoka ni mimi."

Mama akainama. Aliandika majina yake yote matatu, herufi moja moja, na mkaguzi akamsubiri.