Misiba ya Mama Diwani

Juzi nilimwona diwani wetu mpya wa Kirumba akilia msibani, nikamkumbuka mama. Naye alikuwa diwani, na hakuna msiba kwenye kata alioukosa. Utotoni niliamini anawapenda waliokufa kuliko mimi.

Alasiri moja, harufu ya dagaa ikiingia dirishani, nilijilaza mkekani, nikajifunika kanga yake gubigubi. Nikasikia ndala zake mlangoni.

“Mama, nimekufa,” nikasema. “Kaa hapa unililie.”

Alicheka, akaivuta kanga. “Ilete, mwanangu. Wafiwa wananisubiri.”

Leo najua wafiwa hupiga kura, nami sikuwa hata na kadi. Lakini siku tuliyomzika mama, kata nzima ililizunguka jeneza lake, na mimi, mwanawe, nikaomba njia.