Neno Linalofuata

Mwaka 2015 nilirudi nyumbani Kasulu na kazi ambayo baba yangu alishindwa kuwaeleza majirani. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamivu, na chuo kimoja cha Ulaya kikaniajiri kuchunguza lugha ya wanasiasa kwa kompyuta. Mchana nilipanda bodaboda kwenda Heru Juu, Kitanga, popote penye mkutano wa kampeni, nikarekodi hotuba. Jioni niliziandika zote, kisha nikaifundisha kompyuta kubahatisha neno linalofuata. Mgombea akisema, "Mkinipa kura zenu, nitawaletea," kompyuta inajibu: maji. Na kweli, mgombea alisema maji.

"Hilo hata mimi nililijua," baba alisema, "na Ulaya sijafika."

Waya wa hedifoni ulikatikia njiani siku ya Kitanga, kwa hiyo hotuba zikawa zinasikika nyumba nzima. Mama alizisikiliza akiwa amelala. Kiharusi kilikuwa kimempata miezi michache nyuma, kikamwachia akili zake zote na maneno machache tu, nayo yalitoka moja moja, kwa taabu. Huyu ni mama aliyekuwa akienda kununua vitenge Manyovu na kurudi na bei aliyoitaka yeye, wauzaji wakibaki wanacheka na kulalamika. Kumwona ananyamaza kuliniuma sana.

Kila jioni alinigeukia akaanza, "Nataka..."

"Maji, mama?"

Akatikisa kichwa.

"Uji? Nikugeuze? Au unasikia baridi?"

Akafumba macho. Halikuwa hilo. Nilimletea uji, nikamwongezea blanketi, nikamwekea mto vizuri, hata dirisha nililifunga na kulifungua tena. Siku zangu za kuondoka zilikuwa zimekaribia, na niliogopa kwamba nitapanda basi bila kujua mama yangu alitaka nini kwangu. Labda kulikuwa na jambo zito. Labda alitaka kuniaga kwa mara ya mwisho.

Jioni moja baba alikuwa ameketi karibu na kitanda anapukuchua mahindi, mimi niko mezani na kompyuta, mgombea wangu anaahidi barabara. Mama akaanza, "Nataka..." nami nikainuka mbio.

"Chai?"

"We binti, hebu kaa," baba akaniambia. "Mwache mama yako amalize."

"Baba, si unaona anavyohangaika?"

"Anahangaika na wewe. Jana alinisema kuhusu hili shati langu. Nilimaliza mahindi matatu kabla hajafika mwisho, lakini alifika, na maneno yake yalikuwa makali kama zamani."

Nikakaa. Baba hakumtazama mama usoni wala hakumtikisia kichwa kumsaidia. Alipukuchua tu, punje zikidondoka kwenye ungo, kana kwamba jioni yote ni ya mama. Midomo ya mama ilikuwa ikitafuta. Mara mbili nilifungua kinywa, mara mbili baba akanikata jicho.

"Nataka," mama alisema, "uzime... hao."

Akapumzika. Baba akachukua hindi jingine.

"Uniambie... huko... unakula nini."

Nilizima kompyuta. Nilikuwa nimebahatisha uji, maji, blanketi na kifo, lakini hilo halikunijia hata siku moja. Nikapanda kitandani, nikajilaza upande wake wenye nguvu kama nilivyokuwa nikifanya udogoni, nikaanza kumweleza. Kwamba ugali nausonga kwa unga wa dukani usio na harufu yoyote. Kwamba maharage ni ya kopo. Mama akakunja uso kwa maharage ya kopo, baba akacheka.

"Na nikiwa nakula," nikasema, "huwa..."

Nikakwama. Machozi yalikuwa yananitoka, neno haliji.

Hakuna aliyenimalizia. Baba aliendelea kupukuchua mahindi. Mama aliniwekea mkono wake mzima kichwani, akasubiri.