Mpisheni Mtoto

Juzi wajukuu zangu walinipeleka kwenye bustani moja ya michezo nje ya mji, ile yenye mabwawa na bembea za umeme. Kijana wa pale aliniamkia, akakisukuma kiti changu cha magurudumu kwenye njia ya saruji isiyo na ngazi hadi kwenye bembea, akanipandisha, akanifunga mkanda. Nikaangua kilio. Wajukuu wakadhani bibi yao anaogopa! Acha tu. Ngoja nikusimulie wewe, maana wao ningewaharibia siku.

Nilikulia Kariakoo, upande wa Msimbazi, kwa bibi mzaa mama. Miguu yangu ilipooza nikiwa na miaka mitatu. Jirani yetu seremala alinitengenezea kiti cha mbao, akakifunga magurudumu ya kigari cha mtoto, yakawa yanalia kwii kwii mtaa mzima. Ilikuwa ile miaka ya Ujamaa ya foleni: sukari foleni, sabuni foleni, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, foleni. Watu walipanga matofali yao kwenye mstari tangu alfajiri kushika nafasi, wakarudi nyumbani kunywa chai ya rangi. Sisi hatukuweka tofali. Bibi alinisukuma moja kwa moja mpaka dirisha la duka, huku akipaza sauti, "Jamani, mpisheni mtoto!" Na watu walitupisha.

Mtaa ukagundua. Basi kila sukari ikija, utasikia hodi: "Shikamoo bibi, tunamwomba mjukuu kidogo." Nikawa naazimwa kama kinu. Unadhani nilichukia? Wapi! Nilivimba kichwa. Nilijua chai ya nyumba nne imekolea kwa sababu yangu.

Ikaja Idi. Viwanja vya Mnazi Mmoja vilijaa wauza ubuyu, kashata na barafu za rangi, na katikati bembea kubwa ya mbao, yenye visanduku vya kukalia, ikizungushwa na vijana wanne kwa mikono. Nilikuwa nimeiota Ramadhani nzima. Bibi alinivalisha gauni jipya na soksi nyeupe, tukaondoka baada ya pilau. Tulipoikuta foleni ya watoto hatukujiuliza mara mbili. "Jamani, mpisheni mtoto!" Wakatupisha, mpaka mbele kabisa. Moyo ulinidunda hadi masikioni.

Mwenye bembea akanitazama miguu. "Bibi, huyu hapana."

"Hapana nini? Nitampakata mwenyewe."

"Akianguka je? Utanitia matatani, bibi yangu. Mwondoe, wenzake wanasubiri."

Bibi akageuka kuwatazama watu. Majirani walikuwapo, wale wale wa sukari, wameshika mikono ya watoto wao. Wakaanza kuitazama bembea. Mmoja alijifanya anamfunga mwanawe kamba za viatu. Tulizoea kupishwa, tukadhani ndiyo kukubaliwa. Liliniuma hilo, na linaniuma hadi leo.

Bibi hakugomba. Alijifunga khanga kiunoni, akakigeuza kiti, akaanza kunizungusha pale pale mchangani, kando ya bembea. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, anakimbia, kandambili moja imebaki nyuma! Anahema, anacheka kwa nguvu ili na mimi nicheke. "Unazunguka, mama? Unazunguka?"

Watoto walikuwa wanatutazama. Nikasema, "Hii siyo bembea. Nirudishe nyumbani."

Akasimama. Akanirudisha. Njia nzima nilisikia pumzi zake nyuma yangu.

Foleni za sukari zimeisha siku nyingi. Nyumba yetu sasa ni ghorofa la maduka ya vitenge, na wale majirani wamezikwa au wamehamia kwa watoto wao; sina kinyongo nao tena, nao walikuwa na watoto wa kuwafurahisha. Mwenye kosa ninayemjua ni mmoja. Bibi hakuifikia Ramadhani iliyofuata. Nilikuwa na miezi mizima, tumelala kitanda kimoja, ya kumwambia kwamba nilizunguka, tena nilizunguka kweli. Sikumwambia.